Hivi ni kweli mbio zinakula misuli? Mnaochanganya vyuma na mbio ndefu njooni hapa

#1 Ngaza_Vyuma
Wakuu, salaam. Nimepiga vyuma miaka mingi, na sasa nimejiandikisha nusu marathoni. Kocha wa jimu ninapofanyia tizi kanitisha: anasema mshika mbili moja humponyoka, nikianza mbio ndefu misuli yote itayeyuka. Rafiki yangu mkimbiaji anasema hayo ni maneno ya watu wasiopenda kukimbia. Nani mkweli? Na kama kuna ukweli, ndani ya mwili kunatokea nini hasa unapoulazimisha kwenda njia mbili? Naomba maelezo, jibu la "usikilize mwili wako" nimeshapewa sana.

#2 Kiatu_Chepesi
Kocha wako kashika kitu cha kweli akakikuza mno. Mwangalie mtu wa dekathloni: siku ya kwanza anakimbia mita 100, anatupa tufe, anafunga na mita 400, siku ya pili anamalizia na mita 1500. Mwili ule umefundishwa vyote na misuli iko pale pale. Kimbia tu mkuu.

#3 MamaTizi
Naweka kambi hapa. Mimi nilianzia upande wa pili, mbio kwanza na vyuma baadaye, kwa hiyo majibu yananihusu.

#4 Fiziolojia_Tu
Kiatu_Chepesi, dekathloni haijibu swali. Wale hawafanyi mbio ndefu, na hakuna anayewaomba washinde marathoni.

Mjadala huu una tarehe yake. Mwaka 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Chicago, alichapisha jaribio la wiki 10. Kundi la kwanza lilifanya vyuma vya miguu siku 5 kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi ya pumzi, mbio na baiskeli, siku 6 kwa wiki, kwa nguvu zote. La tatu lilifanya yote mawili bila kupunguziwa chochote. Kundi la mseto lilipanda nguvu sambamba na wale wa vyuma hadi karibu wiki ya 7, kisha likasimama, na wiki mbili za mwisho nguvu zikaanza kushuka, huku wenzao wa vyuma tupu wakiendelea kupanda.

Jambo ambalo watu hulisahau: pumzi ya kundi la mseto haikuathirika. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulipanda sawa na wa kundi la pumzi tupu. Maana yake mgongano ule ulikuwa wa upande mmoja. Vyuma havikuharibu pumzi, pumzi ndiyo iliyoharibu nguvu.

Hickson mwenyewe alikuwa mpiga vyuma, akaenda kufanya kazi kwenye maabara ya John Holloszy, yule aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba panya waliokimbizwa kwenye mashine kwa wiki kadhaa hupata karibu maradufu ya vimeng'enya vya mitokondria, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli, kwenye misuli. Huko akaanza kukimbia na wenzake akaona misuli yake inapungua. Swali lako, mkuu, ndilo alilolipeleka maabara.

#5 Kiatu_Chepesi
Asante kwa historia, lakini soma tena ulichoandika. Siku 5 za vyuma ukijumlisha na siku 6 za pumzi, zote kwa nguvu zote, ni vipindi 11 vizito kwa wiki. Binadamu gani hatachoka? Wale watu walichoka, basi. Mpe mtu yeyote mzigo huo, hata wa vyuma vitupu, kisha mpime wiki ya 10 uone. Huo ni uchovu uliovalishwa koti la sayansi.

#6 Daftari_la_Kocha
Uchovu upo, ila si maelezo yote. Ndani ya seli kuna protini inaitwa AMPK inayoamka nishati inapopungua. Ukikimbia muda mrefu, inaamka na kutoa amri ya kuongeza mitokondria na kuchoma mafuta. Upande wa pili kuna mTOR, inayoamka ukinyanyua mzigo mzito na kula protini, nayo inaamuru misuli ijengwe. AMPK ikiwa macho inaibana mTOR. Kiini cha ugomvi ni hapo: seli yenye njaa ya nishati haianzi ujenzi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wangu wasikimbie kilomita nyingi kisha waingie jimu palepale. Unaingia kujenga wakati mafundi wamefungiwa nje.

#7 Fiziolojia_Tu
Daftari, maelezo hayo ni mazuri, mazuri mno kuliko ushahidi wake. Picha ya AMPK dhidi ya mTOR imetoka kwa sehemu kubwa kwenye misuli ya panya na seli za maabara. Kwa binadamu, AMPK hupanda hata baada ya kunyanyua vyuma vitupu, na bado misuli inajengwa.

Kuna jaribio la Sweden lililotoka mwaka 2013 ambapo watu walifanya mazoezi ya nguvu kwa miguu yote miwili, ila mguu mmoja tu uliongezewa baiskeli. Mguu uliopata baiskeli ulinenepa zaidi. Mtu yuleyule, chakula kilekile, usingizi uleule. Kama AMPK ingekuwa inafunga mlango, mguu ule ungebaki nyuma.

#8 Daftari_la_Kocha
Lile lilikuwa la wiki chache, na baiskeli si mbio. Kwenye mbio kila hatua unatua, misuli inavutwa huku inajibana, inachanika kidogokidogo. Kwenye baiskeli hakuna kutua. Majaribio mengi yakikusanywa pamoja, mbio ndizo zinazoonekana kugongana na nguvu za miguu kuliko baiskeli.

#9 Kiatu_Chepesi
Kwa hiyo mafundi hawakufungiwa nje na AMPK, wako nje wanaziba nyufa za mbio 😄 Umehamia upande wangu, karibu.

#10 Mzee_wa_Duara
Vijana, mnagombania nyama wakati nguvu inaanzia kwenye waya. Mtu asiyewahi kushika chuma akianza leo, wiki za mwanzo nguvu zinapanda haraka na ukipima msuli kwa utepe huoni kitu. Moritani na deVries walilionyesha mwaka 1979: mwanzoni ongezeko kubwa ni la mishipa ya fahamu, ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi za msuli na kuziita haraka. Unene unakuja baadaye.

Nina ushahidi wa mwilini mwangu pia. Nilivunjika mkono wa kushoto, ukafungwa plasta. Mtaalamu wa tiba ya viungo akaniambia niendelee kunyanyua kwa mkono wa kulia peke yake. Nikadhani ananipa la kunifariji. Plasta ilipotoka, mkono uliofungwa ulikuwa mwembamba, lakini ulishika chuma kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1894, watu wa Chuo Kikuu cha Yale walipoona kwamba ukifundisha mkono mmoja, wa pili nao unapata nguvu.

Kwa hiyo nasema hivi: mbio ndefu zinafundisha mishipa ya fahamu kutuma amri ndogondogo zinazojirudia kwa muda mrefu. Vyuma vinafundisha kutuma amri moja kubwa kwa ghafla. Kinachopotea kwanza kwa mchanganyaji ni mlipuko: kuruka, kuanza mbio fupi, kusukuma kwa ghafla. Unene wa msuli unaweza kubaki uleule kabisa.

#11 Ngaza_Vyuma
Shikamoo mzee. Hapo umenigusa, maana mimi sijali sana kioo kinasema nini, nataka nguvu yangu ya skwati ibaki.

#12 Mzee_wa_Duara
Marahaba. Basi usipime mkanda wa kiuno wala paja. Pima umbali unaoruka juu.

#13 MamaTizi
Samahani nikiusogeza uzi kando. Nilipoanza kukimbia, kabla hata ya wiki ya pili kwisha nilishasikia pumzi imekuwa nyepesi. Misuli haiwezi kubadilika haraka hivyo, au inaweza? Halafu mapigo ya moyo nikiwa nimelala yameshuka sana tangu wakati huo. Mume wangu alishika mkono wangu usiku mmoja akahesabu, akaniamsha kwa hofu.

#14 Kiatu_Chepesi
Dada, hiyo ya haraka ni damu. Ndani ya siku chache za mazoezi ya pumzi mwili unaongeza maji ya damu, yaani plazma. Damu ikiwa nyingi, moyo unajaa vizuri zaidi kabla ya kila pigo, na kila pigo linasukuma kingi. Seli nyekundu zenyewe zinaongezeka polepole, zinachukua wiki. Ndiyo maana mkimbiaji mpya akipimwa damu mapema anaweza kuambiwa imepungua, kumbe seli ni zilezile ila zimeongezewa maji. Lakini usijiambie mwenyewe kwamba ni hilo tu, mwanamke anayekimbia sana apimwe akiba ya madini ya chuma.

Mapigo kushuka ni kawaida kwa watu wa pumzi. Miguel Indurain, mwendesha baiskeli aliyeshinda Tour de France mara 5, alitajwa kuwa na mapigo 28 kwa dakika akiwa amepumzika. Ila ukiwa na kizunguzungu au kuzimia, hilo ni la daktari.

#15 Daftari_la_Kocha
Nyongeza: mapigo yanashuka kwa sababu mshipa wa fahamu wa vagasi, unaotuliza moyo, unapata nguvu zaidi kwa mazoezi. Hilo lipo kwenye vitabu vyote.

#16 Fiziolojia_Tu
Lipo kwenye vitabu, na linabishaniwa. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester waliwafanyisha panya mazoezi, mapigo yakashuka. Kisha wakazizima amri za mishipa ya fahamu kwenda kwenye moyo. Kama kazi yote ingekuwa ya vagasi, tofauti ingefutika. Haikufutika. Walikuta chembe zinazoanzisha mapigo zenyewe zimebadilika, njia za umeme zinazoitwa HCN4 zimepungua. Yaani moyo umejirekebisha kasi yake kutoka ndani.

Wapo wataalamu wasiokubali kwamba kwa binadamu ndivyo ilivyo, wanasema vagasi bado ina sehemu kubwa. Pande zote mbili wana hoja.

#17 Ngaza_Vyuma
Na moyo wa mpiga vyuma je? Nilisoma mahali kwamba wa mkimbiaji unatanuka na wa mnyanyuaji unakuwa na kuta nene. Nikichanganya naupata upi?

#18 Fiziolojia_Tu
Hiyo ni hoja ya Morganroth na wenzake, mwaka 1975. Mantiki yake inaeleweka: mkimbiaji anarudisha damu nyingi moyoni kwa muda mrefu, kwa hiyo chumba cha kushoto kinapanuka. Mnyanyuaji anakabiliana na presha kubwa kwa sekunde chache, kwa hiyo ukuta unanenepa. Na presha yenyewe si mchezo. Mwaka 1985 timu ya MacDougall iliwapima wanyanyuaji kwa mrija ndani ya mshipa wa damu, na mmoja akisukuma mashine ya miguu alifika 480 kwa 350.

#19 MamaTizi
480?! Mbona hakupasuka?

#20 Mzee_wa_Duara
Kwa sababu anabana pumzi. Presha ya kifua inapanda nayo, kwa hiyo ukuta wa moyo unasukumwa ndani na nje kwa pamoja, mzigo halisi unaobebwa na ukuta unakuwa mdogo kuliko namba inavyoonyesha. Wengine wanaitumia hoja hiyohiyo kumpinga Morganroth: vipimo vya miaka ya karibuni vimewakuta wanyanyuaji wengi wenye kuta za kawaida kabisa. Upande wa mkimbiaji hoja imesimama vizuri, upande wa mnyanyuaji inayumba. Lakini mtu mwenye shinikizo la damu asifanye majaribio ya kubana pumzi kwa sababu ya uzi huu, tafadhali.

#21 Goti_la_Kushoto
Nimesoma kimya tangu mwanzo, na naona mnamtayarishia Ngaza_Vyuma moyo, misuli na mishipa ya fahamu, halafu mnamwacha bila kano. Mimi ndiko nilikoumia. Nilikuwa na miguu yenye nguvu na pumzi ya kutosha, kwa hiyo nilikimbia kwa kipimo cha pumzi. Kano ya kisigino haikuwa na habari na pumzi yangu. Ilianza kwa ukakamavu asubuhi, zile hatua za kwanza kutoka kitandani kwenda mlangoni unatembea kama umefungwa kamba, kisha unalegea, unajidanganya umepona, unakimbia tena.

Kano zina damu kidogo na zinajibadilisha polepole mno. Watafiti wa Denmark walitumia kaboni-14 iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 ili kujua umri wa kano ya kisigino. Walichapisha mwaka 2013: kiini cha kano kinaonekana kujengwa hadi karibu umri wa miaka 17, baada ya hapo hakifanywi upya kwa kiasi cha kuonekana. Msuli unabadilisha protini zake muda wote. Kiini cha kano unakaa nacho maisha.

#22 Daftari_la_Kocha
Pole sana. Ila usimtie hofu. Kano za watu wazima wanaonyanyua mizigo mizito hukakamaa na kuhimili zaidi, limepimwa mara nyingi. Kama hazijifanyi upya, ukakamavu huo unatoka wapi?

#23 Goti_la_Kushoto
Wengine wanasema tabaka la nje ndilo linaloongezeka, wengine wanasema nyuzi zilezile zinafungwa vizuri zaidi. Hoja yangu ni ya ratiba: ngazi ya pumzi ni wiki, ya msuli ni miezi, ya kano ni zaidi. Mwenye moyo mzuri na kano changa ndiye anayeumia.

#24 Kiatu_Chepesi
Naunga mkono, na mifupa usiisahau. Wachezaji wa tenisi walipopigwa picha za eksirei, mfupa wa mkono wa raketi ulikuwa mnene wazi kuliko wa pili, damu ile ile, mtu yule yule. Mfupa unajibu kugongwa na kupindwa. Ndiyo maana waogeleaji na waendesha baiskeli, pamoja na mapafu na mioyo yao yote, mara nyingi mifupa yao haina uzito wa kujivunia. Ngaza_Vyuma, hapa vyuma vyako vinakusaidia.

#25 Sukuma_Polepole
Wakuu mimi tatizo langu ni jingine. Nakimbia kwa bidii, siruki ratiba, na pumzi haipandi. Wenzangu nilioanza nao wameniacha. Kuna watu miili yao imekataa?

#26 Fiziolojia_Tu
Swali hili limefanyiwa kazi kubwa. Utafiti wa HERITAGE uliwafanyisha watu wa familia nyingi mazoezi yaleyale ya baiskeli kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kama mililita 400 kwa dakika, lakini wapo waliokaribia sifuri na wapo waliozidi lita moja. Na ndugu wa familia moja walifanana. Claude Bouchard na wenzake walikadiria mwaka 1999 kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo inatoka kwenye familia.

#27 Kiatu_Chepesi
Usimvunje moyo mwenzio. Mwaka 2017 Montero na Lundby, huko Zurich, waliwachukua watu ambao uwezo wao haukupanda, wakawaongezea vipindi viwili vya saa moja kwa wiki kwa wiki 6 nyingine. Wote wakapanda. Mwili haukuwa umekataa, dozi ndiyo ilikuwa ndogo kwao.

#28 Fiziolojia_Tu
Na HERITAGE hawakubadilishiwa dozi, kwa hiyo hakuna anayemfuta mwenzake. Mtu anaweza kupanda akiongezewa na bado akabaki chini ya jirani yake.

#29 Mzee_wa_Duara
Sukuma_Polepole, kuna jambo la tatu. Paula Radcliffe alipimwa kwa miaka mingi, kuanzia mwaka 1992 hadi 2003 alipoweka rekodi ya marathoni. Uwezo wake wa juu wa oksijeni ulikuwa karibu mililita 70 kwa dakika kwa kila kilo ya mwili tangu akiwa binti na ukabaki palepale. Kilichobadilika ni matumizi: kwa kasi ileile, oksijeni aliyohitaji ilipungua kwa takriban asilimia 15. Pumzi haikupanda, gharama ilishuka. Kimbia njia ileile kwa kasi ileile, angalia mapigo yako yanasemaje kabla hujasema mwili umekataa.

#30 Sukuma_Polepole
Sijawahi kupima hivyo. Nilikuwa naangalia muda tu. Asante mzee.

#31 Ngaza_Vyuma
Nimesoma yote, asanteni. Nani anipe utaratibu wa kuanzia?

#32 Daftari_la_Kocha
Vyuma vya miguu ukiwa na nguvu mpya, mbio saa kadhaa baadaye au siku nyingine. Skwati mara 2 kwa wiki zinatosha kulinda ulichonacho ukibakiza uzito mkubwa na kupunguza marudio. Mbio nyingi ziwe za kasi unayoweza kuzungumza nayo. Pale mwili unapouma, badilisha mbio moja kwa baiskeli.

#33 Goti_la_Kushoto
Na unyanyue visigino kwa mzigo mzito, taratibu, tangu sasa. Usisubiri ukakamavu wa asubuhi.

#34 Kiatu_Chepesi
Sikubaliani na baiskeli. Anajiandaa kukimbia, kano na mifupa yake inahitaji kutua chini. Ukimpa baiskeli unamlindia skwati na unampeleka kwenye mbio akiwa na miguu ya mgeni. Bora mbio fupi fupi mara nyingi zaidi kwa wiki.

#35 Daftari_la_Kocha
Moja tu kwa wiki nimesema, tena pale anapoumia. Soma polepole, si kila kitu ni mashindano.

#36 Mzee_wa_Duara
Kabla hujaanza, ruka juu mara kadhaa ukutani, weka alama ya chaki. Rudia kila baada ya wiki chache, ukiwa umepumzika. Alama ikishuka na skwati imesimama, tutajua ni waya. Skwati ikishuka na paja limepungua, Daftari ana haki.

#37 Kiatu_Chepesi
Na apumzike wiki nzima kisha arudie. Alama ikirudi juu yenyewe, ulikuwa uchovu.

#38 Fiziolojia_Tu
Hapo utakosea kusoma. Mazoezi ya aina zote mbili yanasukuma nyuzi za haraka kabisa, IIx, kuelekea IIa ambazo ni imara zaidi lakini si za kasi ileile. Andersen na Aagaard walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu aliyenyanyua miezi 3 kisha akaacha miezi 3, nyuzi za IIx zinarudi na kupita kiwango cha mwanzo. Wiki moja haitoshi kwa hilo, sawa, lakini akipumzika muda mrefu akaruka juu zaidi, huwezi kudai ni uchovu peke yake.

#39 Kiatu_Chepesi
Nimesema wiki moja, mkuu, si miezi 3.

#40 Ngaza_Vyuma
Nimeshaweka alama ukutani. Nitaanza na utaratibu wa Daftari bila baiskeli, na visigino vya Goti. Swali moja limebaki: kuruka napima kabla ya skwati au baada?

#41 Mzee_wa_Duara
Kabla. Na uvae viatu vilevile kila mara.